Kibarua wa Miaka Kumi Si Kibarua

Ndugu zetu wa Takaungu, Mnarani, Vipingo na Kilifi mjini, mpaka Gongoni na Marereni, leo twataka kuzungumza habari ya neno moja ambalo kila nyumba yalijua: kibarua.

Neno lenyewe latokana na barua. Zamani, hapa pwani na Unguja, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba siku ile kafanya kazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yake ndogo. Miongoni mwa vibarua wa mwanzo walikuwemo watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wakafanya kazi kwa mwingine na sehemu ya ujira ikarudi kwa bwana. Takaungu twaijua historia hiyo bila kusimuliwa na mgeni. Mazrui walipohamia hapa baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837, mashamba yaliyouzunguka mji huu yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria pwani ya Kenya mpaka 1907.

Hatusemi kwamba kazi za leo ni utumwa. Kusema hivyo ni kuwakosea heshima wale walioupitia. Twasema hivi tu: kibarua ni mtu wa siku moja. Sasa mtu anayeamka saa kumi alfajiri, akaenda timbo lile lile la mawe, au hoteli ile ile, au shamba lile lile la mkonge, kwa msimamizi yule yule, miaka kumi mfululizo, huyo ni kibarua wa nini? Siku yake moja imekuwa ndefu namna gani?

Swali hili si la lugha tu. Ndilo kiini cha mjadala wote tunaousikia kuhusu sheria za vyama vya wafanyakazi na nguvu za makampuni. Wako wanaosema sheria ya Kenya imewapendelea wafanyakazi kupita kiasi na itawafukuza wawekezaji. Wengine wasema sheria haina meno. Sisi twasema haki imeandikwa, tena vizuri, lakini ufunguo wake umeachwa mfukoni mwa mwajiri. Ufunguo wenyewe ni huu: nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi.

SHERIA YASEMAJE

Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi, kuunda na kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kugoma. Haijasema "mfanyakazi wa kudumu." Imesema kila mfanyakazi.

Kabla ya hapo, mwaka 2007, Bunge lilipitisha sheria mbili. Moja ni Sheria ya Ajira. Nyingine ni Sheria ya Mahusiano ya Kazi, ambayo ndiyo inayohusu vyama. Hiyo ya pili, kifungu cha 54, yamlazimisha mwajiri kukitambua chama kikishaandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Kikitambuliwa, mwajiri hana budi kukaa nacho mezani na kujadili mshahara, likizo, saa za kazi na usalama. Makubaliano yakishasajiliwa mahakamani, yanamfunga.

Zaidi ya nusu. Kwenye karatasi yaonekana haki kabisa. Hebu tuipeleke hesabu hiyo kazini tuone.

Tuseme pana kampuni ambayo kila asubuhi watu 300 waingia getini. Kati yao, 60 wana barua za ajira. Waliobaki 240 ni wa kontrakta, au ni vibarua wa kuitwa kwa simu. Wafanyakazi wakianza kujiunga na chama, mambo mawili hutokea.

La kwanza, mwajiri husema: "Wale 240 si wangu, muulizeni kontrakta." Kontrakta naye ana ofisi ya chumba kimoja mjini, na mkataba wake na kampuni waweza kuvunjwa wakati wowote. Mukimbana sana, anafunga na kufungua kwa jina jingine. Kwa hivyo chama, hata kikishinda, chawapata wale 60 peke yao. Walio wengi wabaki nje ya geti la makubaliano, ingawa wako ndani ya geti la kazi.

La pili, ni majina. Chama chaandikisha watu mwezi wa tatu. Kufika mwezi wa sita, wakati wa kuhakikisha orodha, nusu ya waliotia sahihi hawaitwi tena kazini. Hawakufutwa, maana hawakuandikwa. Simu tu hailii. Sheria inakataza kumwadhibu mtu kwa kujiunga na chama, na Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, yasema wazi kwamba uanachama si sababu halali ya kumwachisha kazi. Lakini utathibitishaje kuwa umeachishwa, ikiwa karatasi zote zasema kila jioni kazi yako ilikwisha?

Hapo ndipo nguvu za kampuni zilipo. Haihitaji kuvunja sheria mchana kweupe. Yatosha kuamua nani aitwe mfanyakazi, na hesabu ya nusu itajipanga yenyewe.

KIFUNGU AMBACHO WENGI HAWAKIJUI

Waliotunga Sheria ya Ajira waliliona jambo hili. Kifungu cha 37 chasema hivi kwa maneno mepesi: kibarua akifanya kazi siku mfululizo zikafika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, basi huyo si kibarua tena mbele ya sheria. Anageuka kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, anayestahili kupewa notisi kabla ya kuachishwa. Akifanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi tangu siku alipoajiriwa kibarua, anastahili masharti kama ya mtu ambaye hakuajiriwa kibarua tangu mwanzo. Na mahakama ya kazi ndiyo yenye mamlaka ya kutamka hivyo na kurekebisha masharti yake.

Someni tena pole pole. Mwezi mmoja. Si miaka kumi.

Kwa hivyo katika wale 240 wa mfano wetu, yawezekana wengi sana ni wafanyakazi kamili kisheria, ila wao hawajui, na anayejua hana haja ya kuwaambia. Kwa nini basi kifungu hiki hakitumiki? Kwa sababu chamtaka mtu mmoja mmoja aende mahakamani, naye hana wakili, hana nauli ya kwenda Malindi kila kesi inapotajwa, na hana karatasi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Angekuwa na chama, chama kingempeleka. Lakini hana chama kwa sababu ni kibarua, na ni kibarua kwa sababu hana chama. Mwauona mduara huo?

HAYA HAYAKUANZA JANA

Pwani hii ndiyo iliyofundisha Kenya kugoma. Januari 1947 kazi zilisimama Mombasa kwa siku 12. Watu takribani 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waliweka vifaa chini. Mikutano ikafanyika uwanja wa Kiembeni, na kutoka hapo ukajulikana muungano wa African Workers Federation na kiongozi wake Chege Kibachia. Agosti mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilimkamata ikamhamishia mbali. Makhan Singh, aliyekuwa akiunganisha wafanyakazi Wahindi na Waafrika tangu 1935, alikamatwa 1950, akazuiliwa mpaka 1961.

Lakini liko jambo la wakati ule ambalo halisemwi sana. Wakati huo ni wakubwa wa bandari walioona kibarua ni tatizo. Kwa nini? Kwa sababu kibarua wa Mombasa alikuwa na pa kurudi. Alifanya siku zake chache, akapata pesa ya kodi ya serikali na kitoweo, akarudi kwake kulima na kuvua. Meli ikija naye hataki, haendi. Hakuogopa kufutwa. Ndiyo maana, baada ya migomo, serikali na makampuni ya bandari yakaanza kuwaandikisha makuli kuanzia 1944, na katika miaka ya 1950 wakawasukuma wafanye kazi ya kudumu. Wakishakuwa watu wa kudumu, makuli wakawa na chama chenye nguvu, na mgomo wao wa 1955 ulimfanya kijana Tom Mboya ajulikane kote.

Leo mambo yamegeuka. Anayeupenda ukibarua ni mwajiri. Na kilichogeuza ni kimoja: pa kurudi hapapo. Mwenyewe wa Takaungu anayekaa kwenye kiwanja bila hati, ambaye mikoko aliyokuwa akivua karibu nayo imekatwa na njia ya kwenda pwani imezibwa ukuta, hawezi kusema "leo siendi." Kibarua mwenye shamba ni mtu huru. Kibarua asiye na shamba yuko mkononi mwa anayempigia simu. Ndiyo sababu twasema mjadala wa vyama vya wafanyakazi na mjadala wa ardhi, hapa kwetu, ni mjadala mmoja.

Wanaotaka mfano wa karibu watazame kaskazini, mashamba ya chumvi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilifanya uchunguzi wa wazi Malindi na Magarini, ikatoa ripoti yake 2006. Wananchi walizungumza habari ya ardhi, ya maji kuharibika, na ya kazi: ukibarua usiokwisha, malipo duni, na watu kuingia kwenye maji ya chumvi bila vifaa vya kujikinga. Yote yalikuja kwa pamoja kwa sababu katika maisha ya mtu hayatengani.

HATA WAKUBWA WA DUNIA HUTUMIA NJIA HII

Musidhani hii ni hila ya mwenye timbo peke yake. Mwaka 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alifungua kesi Nairobi dhidi ya Meta, wenye Facebook, na kampuni ya Sama. Kazi yake ilikuwa kutazama picha na video za kutisha ili wewe na mimi tusizione. Anadai aliachishwa kwa kujaribu kuwaunganisha wenzake. Meta walijibu kwamba wao si waajiri wake, na kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yao. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikasema yaweza kusikiliza kesi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo.

Baada ya hapo nini kikatokea? Mswada wa kurekebisha sheria za biashara, wa 2024, ukapelekwa Seneti, ndani yake mkiwa na pendekezo kwamba anayetumia kampuni ya kati asibebeshwe mzigo wa wafanyakazi wa kampuni hiyo. Yaani mlango uliofunguliwa na mahakama ufungwe na sheria. Leo wasema ni kwa kazi za kompyuta. Jiulizeni, wazo hilo likishazoeleka, nani atalizuia lisifike kwenye chumvi, mkonge na saruji?

NA HOJA YA WAWEKEZAJI?

Ni lazima tuwe waadilifu. Wanaosema tusifukuze kazi wana hoja, maana kazi Kilifi ni chache, na mama anayeambiwa "bora kibarua kuliko kukaa bure" hadanganywi. Tena ziko kazi za msimu kweli. Hoteli za Watamu na Malindi zajaa Desemba, zapoa Mei. Chumvi haivunwi wakati wa masika.

Lakini sheria haimkatazi mwajiri kuandika mkataba wa msimu. Miezi sita iandikwe miezi sita, yenye mshahara, NSSF na bima ya afya, na msimu mwingine mtu arudi bila kuanza sifuri. Anachokataa ni kuandika.

Na hofu ya kwamba chama kitaua kampuni, tuipime kwa yaliyotupata. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilianza miaka ya 1970, kikaajiri jamaa zetu wengi, kikafa miaka ya 1990 baada ya kubinafsishwa. Waulizeni wazee nini kilikiua. Watawatajia uendeshaji mbaya, madeni na hisa. Hatujamsikia mzee anayesema kiliuliwa na wafanyakazi kudai haki zao.

Pia tujiulize twazungumzia pesa ngapi. Kwa amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024, kima cha chini cha mfanyakazi wa shamba asiye na ujuzi, bila posho ya nyumba, hakikufika shilingi 8,000 kwa mwezi. Mwekezaji ambaye atakimbia kwa kulipa hizo na kuandika jina la mtu, alikuja kuwekeza nini?

VYAMA NAVYO VIJISAFISHE

Tukiwasema makampuni tu tutakuwa tumesema nusu. Wafanyakazi wengi hawavipendi vyama, na wana sababu. Wakatwa ada kila mwezi, msimamizi wa chama hawamuoni mpaka uchaguzi. Wengine hukatwa hata ada ya wasio wanachama, ambayo sheria yaruhusu pale wanapofaidika na makubaliano, bila kuelezwa kwa nini. COTU iliundwa 1965, na katibu mkuu wake, Francis Atwoli, yuko kwenye kiti hicho tangu 2001. Hata kama mtu ni hodari, chama kinachotaka demokrasia kazini lazima kionyeshe demokrasia nyumbani kwake. Chama kinachongoja wafanyakazi wa kudumu waje ofisini, huku wengi kazini ni vibarua, kimekubali hesabu ya mwajiri bila kubishana.

TWATAKA NINI

1. Bunge lirekebishe kifungu cha 54 ili wanaohesabiwa wawe watu wote wanaofanya kazi ya kampuni mahali hapo, awe ameletwa na kontrakta au ameajiriwa moja kwa moja. Kampuni na kontrakta wawajibike pamoja kwa mshahara na ajali.

2. Maafisa wa kazi wakague orodha za vibarua bila kungoja malalamiko. Anayeonekana kwenye orodha zaidi ya mwezi, apewe barua. Kifungu cha 37 kitekelezwe na serikali, kisiachiwe maskini mmoja mmoja.

3. Serikali ya Kaunti ya Kilifi haitungi sheria za kazi, lakini inatoa zabuni. Anayetaka pesa za kaunti aonyeshe mikataba ya wafanyakazi wake.

4. Wabunge wetu waukatae mpango wowote wa kumwondolea mzigo mwajiri wa kweli kwa kumficha nyuma ya ajenti.

Na wewe unayesoma, ukiwa ni kibarua, anza leo. Nunua daftari, andika kila siku uliyofanya kazi, kazi gani, na nani alikuwa msimamizi. Usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo yako, huo ni ushahidi. Weka kumbukumbu ya NSSF. Jua kwamba mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi mahakamani, sheria yamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi, si wewe. Na jua kwamba una miaka mitatu tu ya kudai, ukichelewa mlango umefungwa. Usiende peke yako. Tafuta wenzako watano, kumi, mwende kwa afisa wa kazi au kwa chama mkiwa na madaftari yenu.

Ukiwa wewe ndiye mwajiri, nawe haya yanakuhusu. Tuna maduka, matatu, nyumba za kupangisha, na wengi wetu tuna dada jikoni ambaye yuko mwaka wa saba bila karatasi wala siku ya mapumziko. Mtume wetu (s.a.w) ametuusia tumlipe mfanyakazi haki yake upesi bila kumzungusha. Hatuwezi kuwapigia kelele wenye makampuni makubwa huku nyumbani kwetu twafanya yale yale.

Wazee walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya mfanyakazi ni kuandikwa kuwa yeye ni mfanyakazi. Mshirikishe jirani yako ujumbe huu, hasa yule anayeondoka kabla ya adhana ya alfajiri na bado anaitwa kibarua.